Aljebra ya mwaka wa kwanza chuoni: maswali mnayoniuliza kila muhula, Unguja na Pemba

Vyuo vikifungua tu simu yangu inajaa maswali yale yale, mengine yanaingia usiku wa manane, kwahiyo nimeyakusanya pahala pamoja. Mie kazi yangu ni kukaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye diskasheni za hesabu. Maswali nimeyaacha kama yalivyoulizwa, majina tu ndo nimeyatoa.

Mwalimu, hii kozi inafundisha nini hasa? Mana kila chuo kina jina lake.

Kweli, chuo chengine wataiita hesabu za biashara, chengine hesabu za msingi, na ukisoma mtandaoni kwenye vyuo vya Marekani utaikuta kwa jina la College Algebra. Ukifungua ndani ni karibu mambo yale yale: milinganyo ya mstari, ya kwadratiki (yenye x²), zile za simaltenias (milinganyo miwili kwa pamoja), alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko, fankisheni na grafu zake, polinomia, vipeo, logi, matriksi kidogo, na baadhi ya vyuo wanamalizia na mfuatano wa namba. Nusu ya mwanzo umeshaiona skuli toka fomu wani mpaka fomu foo. Tofauti ni kasi. Kitu ulichokipitia miaka minne, hapa wanakimaliza wiki tatu nne za mwanzo na lekchara anachukulia unakijua, hakuulizi.

Nilipata D ya hesabu fomu foo, nitaweza? Nambie ukweli.

Utaweza, ila ujue ile D ina maana gani. Kwa madaraja ya sasa ya NECTA (baraza la mitihani la taifa) D ya fomu foo inaanzia alama 30 na kuishia 44, yani mtu mwenye D kuna zaidi ya nusu ya mtihani ilimshinda. Hiyo nusu haikwenda popote, inakusubiri chuoni. Na nyie mliosoma fomu siksi bila ya hesabu kubwa, mkapitia ile BAM tu (Basic Applied Mathematics, hesabu ndogo ya fomu siksi), msijione mmeokoka, nimeona wengi wenu mnakwama pale pale na wenzenu wa fomu foo.

Mie simtizami mtu kwa gredi yake. Nampa kipande cha karatasi, namwambia nifanyie ½ + ⅓, alafu nifungulie mabano 7 − (x − 4), alafu nambie −3 mara −5. Akizipata zote tatu bila kusita huyo kozi ataimaliza. Akikwama nampeleka nyuma kwanza, na hapa ndo watu wananuna, "mwalimu mie niko chuo unanirudisha darasa la sita?" Ndio nakurudisha. Wiki moja ya sehemu na namba hasi itakusaidia kuliko mwezi mzima wa kukodolea macho logi.

Kwa nini watu wengi wanaanguka? Ni ngumu kiasi hicho?

Hili ndo swali langu. Aljebra yenyewe haiangushi watu, wallahi. Nikisahihisha karatasi nakuta mtu ameelewa swali, kachagua njia sawa, kaanza vizuri, alafu mstari wa tatu kapoteza alama ya kutoa na kuanzia hapo mpaka chini kila kitu uongo. Makosa ni machache na yanajirudia kila mwaka, watu tofauti lakini kosa ni lile lile, ngoja niyataje.

La kwanza ni alama ya kutoa mbele ya mabano. 7 − (x − 4) watu wanaandika 7 − x − 4. Hapana. Ile alama ni kama mtu anaeingia barzani, lazima ampe mkono kila aliyekaa, haiwezekani amwamkie wa mlangoni akampita wa pili. Kwahiyo x inageuka kuwa −x na −4 inageuka kuwa +4, unapata 11 − x.

La pili, (x + 3)² mtu anaandika x² + 9 na anaendelea na maisha. Hebu eka x = 1. Kushoto 4 kwa 4, 16. Kulia 1 + 9, 10. Zimekataa. Jibu sahihi ni x² + 6x + 9, ile 6x ya katikati ndo kila mwaka inamezwa.

La tatu kukata ovyo. Mtu anaona (x + 6)/x, anakata x ya juu na x ya chini, anabakisha 6. Eka x = 2, juu 8 chini 2, jibu 4. Hio 6 yako imetoka wapi? Kukata kunaruhusiwa kwa vitu vinavyozidishana tu, sio vinavyojumlishwa.

La nne hili la kubwa kuliko na ndogo kuliko, ukigawanya kwa namba hasi alama inageuka. −2x > 6 inakuwa x < −3. Watu wanasahau hata wenye A.

Umeona nimefanya nini hapo juu? Kila nikiwa na shaka naeka namba ndogo natizama pande mbili kama zinakubaliana. Sekunde kumi tu. Ukiwa na tabia hio peke yake utaokoa alama nyingi kuliko kukremu fomyula, na sijui kwa nini skuli hatulisisitizi.

Mie natumia MAGAZIJUTO toka msingi na bado napata makosa, kwani imebadilika?

Haijabadilika, tatizo wengi tumeipokea nusu. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mtu anadhani lazima jumlisha itangulie toa popote walipo. Sasa 10 − 3 + 2, ukianza kujumlisha 3 na 2 unapata 5, ukitoa kwenye 10 unapata 5, na ni kosa. Kujumlisha na kutoa wana daraja moja, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, 10 toa 3 ni 7, ongeza 2 ni 9. Kugawanya na kuzidisha vile vile, hawa nao ni daraja moja. Na vipeo (zile namba ndogo za juu kama kwenye x²) wala havikutajwa mle ndani ya MAGAZIJUTO, vinakuja baada ya mabano, kabla ya kugawanya.

Kalkuleta tunaruhusiwa?

Vyuo vingi ndio, zile za sayansi za kawaida, zenye kuchora grafu au simu hapana. Uliza lekchara wako wiki ya kwanza usisubiri siku ya mtihani. Na jifunze kuitumia, mana mlotoka skuli na vitabu vya majedwali kalkuleta inawachezea. Andika −3² inakupa −9. Eka mabano (−3)² inakupa 9. Kalkuleta haikosei, umeiuliza maswali mawili tofauti. Mwanafunzi anaechukua x = −3 na kuiingiza kwenye x² bila mabano anapata grafu ya ajabu alafu anasema mashine mbovu.

Niweke saa ngapi kwa wiki?

Wamarekani wana kawaida yao, kwa kila saa moja ya darasa mwanafunzi akae saa mbili peke yake, na kozi hii kwao mara nyingi ni saa tatu kwa wiki, kwahiyo sita za nyumbani juu yake. Kwa mtu alietoka na D mie naongeza. Ila sio sita za mkupuo Ijumaa usiku. Kidogo kidogo kila siku inaingia kichwani kuliko kukesha. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia ndani ya muhula panga mapema, wapo wanaofanya vizuri baada ya tarawehe na wapo wanaofanya baada ya daku kabla ya alfajiri, lakini ile alasiri na swaumu kichwani usijidanganye, fanya usomaji mwepesi tu.

Asalam aleikum mwalimu, mie ni mama wa watoto wanne, nilimaliza skuli zamani sana, naona haya kukaa na watoto wadogo darasani.

Waaleikum salaam bibie. Usione haya hata kidogo. Nyie mnaorudi na umri ndo mnaonipa raha, mnakuja mmefanya maswali, hamchezi na simu. Kitu kimoja tu, mmesahau majina ya vitu sio vitu vyenyewe. Umenunua vitu Darajani miaka yote ukapiga hesabu kichwani na muuzaji hakukudhulumu hata mia. Tizama hii.

Uko Forodhani. Bakuli mbili za urojo na mishkaki mitatu, 5,500. Meza ya jirani bakuli moja na mishkaki minne, 4,000. Bei ya kila kimoja? Bakuli iite u, mshikaki uite m.

2u + 3m = 5,500
u + 4m = 4,000

Kutoka mstari wa pili, u = 4,000 − 4m. Ipeleke juu: 2(4,000 − 4m) + 3m = 5,500, yani 8,000 − 8m + 3m = 5,500, kwahiyo 5m = 2,500, m = 500. Urojo basi 2,000. Rudisha kuhakikisha, bakuli mbili 4,000 na mishkaki mitatu 1,500, 5,500 kamili. Hizo ndo simaltenias wanazotishia watu nazo.

Itanisaidia nini mimi? Nasomea utalii, sio uinjinia.

Swali la haki. Sitokwambia utaitumia kila siku mana sio kweli, kwadratiki wengi wenu hamtoiona tena. Lakini fankisheni ya mstari utaiona kila mshahara wenye kamisheni, kila mkataba wa gari la wageni. Mfano wa Pemba msimu wa karafuu: tuseme mwenye shamba Wete anamlipa mchumaji 1,500 kwa pishi na juu yake 3,000 ya chakula kwa siku. Malipo = 1,500p + 3,000. Pishi 12 zinampa 21,000. Geuza, kaondoka na 27,000, kachuma ngapi? Toa 3,000, gawanya kwa 1,500, pishi 16. Kwenda mbele na kurudi nyuma, fankisheni na kinyume chake, sura nzima ya kitabu iko hapo.

Na mirathi! Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra kule Baghdad karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu kile ni mirathi na wasia. Marehemu kaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na baada ya madeni na gharama za maziko imebaki 16,000,000. Mke thumni (moja ya nane), 2,000,000. Inabaki 14,000,000. Fungu la binti liite x, la kaka yao 2x. 2x + x + x = 14,000,000, x = 3,500,000, mtoto wa kiume 7,000,000. Watu wazima wanagombana miaka juu ya mlinganyo wa mistari miwili.

Kitabu kimejaa maswali ya riba, mimi sitaki kujihusisha na riba, nifanyeje?

Mie sio mufti, muulize shekhe wako. Ninachojua kupiga hesabu sio kula, na fomyula ile ile inatumika kwa vitu chungu nzima visivyo na riba ndani yake. Chukua sensa. Zanzibar 2012 tulikuwa watu 1,303,569. Sensa ya 2022 tukafika 1,889,773. Tumekua kwa kasi gani kwa mwaka?

1,303,569 × (1 + r)¹⁰ = 1,889,773

Gawanya, (1 + r)¹⁰ = 1.4497 hivi. Tafuta kipeuo cha kumi, kwenye kalkuleta ni 1.4497 kwa kipeo 0.1, unapata 1.0378, yani karibu asilimia 3.8 kila mwaka. Ripoti zinaandika 3.7, na ukitumia ile fomyula ya e (namba 2.718 hivi, ya vitu vinavyokua kila wakati bila kusubiri mwaka uishe) badala ya hii unaifikia hio 3.7 wala hakuna aliekosea. Sasa logi inaingia wapi? Uliza kwa mwendo huu tutajigeuza mara mbili baada ya miaka mingapi. 1.0378 kwa kipeo n = 2. n iko juu, huwezi kuishusha kwa kugawanya, kwahiyo unaita logi: n = log 2 ÷ log 1.0378, jibu kama miaka 19. Logi kazi yake ni hio, kuishusha namba iliyokaa juu. Ukilielewa swali hili moja nakuhakikishia logi haikutishi tena. Ukilipata, kaa ulifikirie na jibu lenyewe, foleni ya Mwanakwerekwe ilivyo leo alafu watu mara mbili.

Kiingereza kinanipiga chenga, hesabu najua ila swali silielewi.

Hili ni la wengi na halina aibu, hata waliosoma hesabu kwa Kiingereza toka darasa la tano linawapata. Dawa yake: swali la maneno lisome mara mbili, funga kitabu, mhadithie mwenzako kwa Kiswahili kwamba nani kafanya nini na kinatafutwa nini. Ukishindwa kuhadithia hukulielewa, usianze kuandika x. Ukiweza, andika x ni kitu gani kwa maneno kamili, "x ni bei ya bakuli moja", sio "x = urojo". Diskasheni zetu tunazungumza Kiswahili mwanzo mwisho, karatasi tunaandika Kiingereza, na inakwenda vizuri tu.

Nasoma chuo cha mtandaoni cha Marekani nikiwa Chake Chake, Pemba, kuna tofauti?

Hesabu ile ile, tabu yake ni ratiba. Mfano University of the People, muhula wao ni wiki 9, wiki inaanza Alhamisi na kuishia Jumatano, na saa zao ni za GMT−5. Saa sita ya usiku wao Jumatano ikiingia sisi tuko saa mbili asubuhi ya Alhamisi. Watu wanadhani wana usiku mzima wa ziada, alafu umeme unakatika alfajiri na kazi haijatumwa. Tuma Jumatano mchana wako, basi. Video zipakue pahala penye intaneti nzuri usitegemee bando la usiku. Wiki 9 kwa kozi hii ni mbio, usichukue na kozi nyengine nzito pamoja nayo.

Vitabu usinunue kabla ya kutizama OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, kitabu kizima cha kozi hii kiko bure, unakipakua kwenye simu mara moja unasoma hata bila ya mtandao. Khan Academy, ya video za masomo, pia bure. Grafu chora kwenye Desmos au GeoGebra, ila kwanza ichore kwa mkono, meza ya namba tano tu inatosha, alafu fungua programu uone kama mmekubaliana.

Natumia ile programu ya kupiga picha swali inanipa jibu na njia. Kuna ubaya?

Ukiitumia baada ya kujaribu, hakuna ubaya, inakuonyesha mstari gani umekosea. Ukiitumia kabla, umenunua kazi ya nyumbani kamili na sapu (mtihani wa marudio) juu yake. Vyuo vingi koswek (kazi na majaribio ya ndani ya muhula) ni 40 na mtihani wa mwisho 60, na kwenye ile 60 simu iko nje ya mlango. Nawajua kwa kuwatizama, koswek 36 kati ya 40 na kwenye mtihani kaandika jina na namba ya usajili vizuri sana. Hizi akili bandia za kuzungumza nazo hivo hivo, na mara nyengine zinakosea huku zinajiamini, kwahiyo ile tabia ya kueka namba ndogo na kuhakiki usiiache.

Sapu imenikamata, nianzie wapi?

Kwanza iombe karatasi yako ya mtihani uione, au angalau koswek zako, uchambue alama zimekwenda wapi. Usianze sura ya kwanza upya, mtu wa sapu hana muda huo. Mara nyingi utakuta mada mbili tatu ndo zimekumaliza. Pasti pepa za miaka iliyopita zifanye kwa saa, simu mbali, ukae muda ule ule wa mtihani. Na kajue kanuni za chuo chako kuhusu keri (kurudia kozi mwaka unaofuata) na kudisko (kuondolewa chuo) mapema, ofisini, kwa maandishi, usichukue za maskani, nimeona mtu kasusa chuo bure kwa habari ya barzani.

Kwadratiki, nifaktaraizi au nitumie fomyula?

Jaribu kufaktaraizi dakika moja. x² − 5x − 14, namba mbili zinazozidishana kuwa −14 na kujumlishwa kuwa −5, ni −7 na 2, kwahiyo (x − 7)(x + 2), x ni 7 au −2. Haijaja? Nenda fomyula, usikae nayo. Ukiuandika mlinganyo kama ax² + bx + c = 0, anza na kile kipande cha b² − 4ac, kikitoka hasi huna haja ya kuendelea kutafuta jibu la namba za kawaida, hakuna.

Naweza kuja diskasheni hata kama sijafanya swali hata moja?

Hapana. Njoo na karatasi uliyokwama, hata kama ni mistari miwili na yote umeikata, nataka nione mkono wako umesimamia wapi. Jumamosi baada ya laasiri, na kalamu ya risasi tafadhali, sio peni.